Meza ya Mafundi Wanne

Jumatatu, 23 Machi

Kitabu cha muhtasari cha kikundi kina mambo yanayosemeka. Hiki nimekinunua leo kwa ajili ya yale yasiyosemeka, hasa yanayomhusu Petro.

Nianze na nafsi yangu. Mimi ni Mauwa, fundi wa makochi, mwaka wa ishirini na moja sasa hapa Keko. Katika kikundi chetu ni katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu hakuna mwanaume aliyeitaka kazi ya kuandika. Petro ni mwenyekiti. Anatengeneza vitanda na milango, na sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mzee Benedikto ni mchongaji kutoka Newala, mpole, mbishi. Hatim ndiye mdogo wetu, Mhindi wa watu, Mbohora, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Yeye alikataa kukaa kaunta, akaja kuchomelea vyuma kwetu. Baba mtu mpaka leo hajamaliza kununa.

Leo kumekuja barua. Bi Gulbahar, mwenye yadi tunakonunua mbao, anajenga maktaba Kibamba kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe. Anataka meza sitini za kusomea, kila moja na kiti chake. Vikundi vitatu vinashindana: sisi, wa Mbagala na wa Buguruni. Meza ya mfano itazamwe mara ya kwanza tarehe 18 Aprili, na uamuzi utoke tarehe 30 Mei.

Petro amesema wazi mbele ya wote: "Kazi hii tukiikosa, kikundi ndo basi. Mie kuna mtu Chang'ombe ananiita tangu Januari." Hakutania. Tangu mwaka uanze tunakaa tunahesabu magari. Na kikundi kikifa, banda letu linarudi kwa mwenyewe, maana mkataba wa pango una jina la kikundi. Petro atapata pa kwenda, na Hatim ana kwao. Mimi mwanamke peke yangu barabara hii hakuna atakayenipa hata kivuli cha bati. Kwa hiyo meza hizi ni zangu kuliko za mtu mwingine yeyote.

Sasa barua ina sentensi hii: "Kikundi kisanisi maarifa ya mafundi wake wote katika meza moja."

"Katibu," akasema Petro, "kusanisi ndo nini?"

Sikujua. Lakini wanaume watatu wananitazama, na ukatibu wangu umesimama juu ya kujua maneno. Nikajibu bila kupepesa macho, "Ni kuunganisha."

Nilipofika nyumbani nikampigia simu binti yangu Shamimu, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, anakaa hosteli za Mabibo. "Ni kuunganisha, mama, nipo foleni ya chakula," akasema, akakata. Basi nikalala vizuri.

Ijumaa, 27 Machi

Masika yameingia. Mbao zote za nje zimelowa.

Jumatatu, 30 Machi

Kikao. Nimewaeleza kwamba Bi Gulbahar anataka kila fundi aonekane. Wakafurahi kama watoto wa sikukuu. Tumegawana hivi: Petro miguu, Mzee Benedikto uso wa meza, Hatim vyuma vya kushikilia, mimi kiti. Kila mtu aweke kilicho bora kwake. Nimeandika hivyo kwenye muhtasari na kupiga mstari chini. Nilijiona katibu kwelikweli.

Jumatatu, 6 Aprili

Jumatatu ya Pasaka, lakini Mzee Benedikto kaja kazini na kanzu ya kanisani, kaifunga kiunoni. Anachonga maua, ndege na nyuso za watu kuzunguka ubao wote wa juu. Uso mmoja unafanana na Petro. Nikamuuliza, akasema, "Mie sichagui, dada. Mti ndo unatoa."

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Petro kachagua mbao za mkongo za inchi nne kwa miguu. Nikamwambia ni meza, si daraja. Akaniambia nirudi kwenye sponji zangu.

Jumanne, 14 Aprili

Tumeunganisha. Hatim kazungushia nondo pande zote, kapaka rangi ya dhahabu. Kiti changu kina sponji ya inchi sita na kitambaa cha leza chekundu chenye vifungo. Kila kitu kwa upande wake ni kizuri, hilo nitaapa. Kwa pamoja sijui.

Ijumaa, 17 Aprili

Tumeipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Imebebwa na watu sita, wawili wa kuazima.

Jumamosi, 18 Aprili

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Tulifika Kibamba saa nne. Maktaba bado haina rangi wala madirisha. Bi Gulbahar alikuwa amekaa kwenye ndoo ya saruji iliyogeuzwa, miwani kwenye kamba, anakula karanga. Umri wake ni miaka sabini na minne na mgongo wake ni mbovu, anasema hivyo kwa kila mtu kabla hujamaliza shikamoo.

Meza za Mbagala na Buguruni zilikuwa za kawaida, kama za shule yoyote. Yetu ilipoteremshwa watu wote wakageuka, hata mafundi waliokuwa wakipiga lipu. Nikavimba kichwa. Nikadhani wanaishangaa kwa uzuri.

Bi Gulbahar akaizunguka mara mbili, kisha akaketi. Sponji ikammeza, kidevu kikabaki usawa wa meza kama mtoto aliyekuja kuomba andazi. Magoti yakagonga nondo za Hatim. Akaweka karatasi juu ya maua ya Mzee Benedikto, akatoa kalamu, akaandika jina lake. Kwenye herufi ya tatu kalamu ikatoboa karatasi, ikazama kwenye jicho la ndege.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa akaitazama ile karatasi iliyotoboka, kisha akasema taratibu, "Hii si meza, wanangu. Hii ni mkutano. Kila mtu kasimama anaongea, hakuna anayemsikiliza mwenzie."

Wale wa Buguruni wakacheka. Hatim akatazama chini. Mzee Benedikto akawa anapangusa karanga zilizodondokea kwenye maua yake.

"Mwezi Mei mnakuja tena," akasema Bi Gulbahar. "Barua nimeandika kwa Kiswahili. Isomeni."

Njia nzima Petro hakusema neno. Petro kunyamaza! Tulipofika Keko ndipo akanigeukia. "Katibu, ulituambia tuunganishe. Tumeunganisha. Tumechekwa mbele za watu."

Nikamwambia nina kichwa kinauma, na kwa mara ya kwanza wiki hii haikuwa uongo.

Jumatatu, 20 Aprili

Petro hakuja.

Jumanne, 21 Aprili

Petro kaja, kachukua randa yake kubwa na patasi zote, kaziweka kwenye mfuko wa salfeti. Kasema anazipeleka kunoa. Keko nzima inanoa patasi pale nyuma ya banda letu, kwa Herieth mwenye jiwe la kunolea. Hajaenda kwa Herieth.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua usiku kucha na asubuhi. Maji yameingia bandani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Ile meza yetu imesimama katikati ya maji, nondo zimeanza kutoa kutu na kutu inachuruzika kwenye mkongo, sponji imekunywa imeshiba. Viungo vyote vya misumari vimeachia. Ila nimeona kitu: kiungo kimoja, ambacho Petro alikichonga ulimi na tundu bila msumari kwa sababu misumari ilimwishia, kimekaza zaidi ya siku tulipokifunga. Nimekitikisa kwa mikono miwili, hakikucheza. Sijui kwa nini nimeliandika hili.

Jumapili, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Shamimu kaja nyumbani na macho mekundu. Kaniwekea karatasi mezani. Ni insha yake, swali lilikuwa juu ya mafuriko ya Dar es Salaam. Amefanya kazi wiki mbili na amepata alama za kuonea haya. Mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu: "Umewapanga waandishi foleni. Wewe uko wapi? Sanisi."

Ni lile neno la kwenye barua. Nikajifanya sina habari.

"Nisomee," nikamwambia.

Akasoma huku akivuta kamasi. Mwandishi wa kwanza anasema mafuriko yanaletwa na mito kujaa taka. Wa pili anasema ni watu kujenga mabondeni. Wa tatu anasema ni upungufu wa magari ya taka. Halafu akahitimisha: "Kwa hiyo sababu ni nyingi." Nikasikiliza, na huku nasikiliza nikawa naiona meza yetu. Huyu kaja na nondo, yule na maua, yule na sponji. Kwa hiyo sababu ni nyingi.

"Sasa mwanangu," nikamuuliza, "weka karatasi chini. Hao watatu umewasikia wote. Ukikaa nao wewe mwenyewe, hayo maji yanatoka wapi?"

Akaiweka karatasi chini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akaanza, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. "Watu wanajenga bondeni kwa sababu kwingine hawapati kiwanja. Bondeni hakuna barabara, gari la taka haliingii. Gari lisipoingia, taka zinaishia mtoni. Mto unaziba. Unawarudia walewale waliojenga bondeni." Akaninyanyulia macho. "Mama, si sababu tatu. Ni moja, inazunguka."

"Nani kati yao kasema hivyo?"

"Hakuna."

"Umetoa wapi?"

"Kwao wote," akasema. "Lakini hakuna aliyesema."

Tukatazamana. Nikahisi mwili wote unasisimka, sijasisimka hivyo tangu siku aliyozaliwa. Kumbe hilo ndilo neno! Kuunganisha ni mwanzo wake tu, ni kuviweka vitu karibu. Kusanisi ni kuvikalisha mpaka vitoe kitu ambacho hakuna mmoja wao aliyekuja nacho, na vingine njiani inabidi viachwe.

"Sasa ulinijibuje siku ile kwenye simu?" nikamuuliza.

"Si nilikuwa foleni, mama!"

Tumecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Yeye anaandika insha upya pale sebuleni. Mimi naandika hapa. Kesho nina kazi ngumu kuliko insha, nayo ni kumwomba Petro radhi.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemfuata Petro Chang'ombe. Alikuwa kwenye karakana ya yule mtu, anapigilia misumari kabati la mbao za kubandika, kazi ya kitoto. Nikasimama mlangoni mpaka akaniona.

"Petro, lile neno nilikuwa silijui," nikasema. "Niliona aibu kusema. Nyie mkaniamini, mkachekwa kwa ajili yangu."

Nilitegemea kelele. Akaweka nyundo chini, akajikuna shingo. "Mie nilijua hulijui," akasema. "Ulijibu haraka mno. Wewe ukijuaga kitu unaanzaga kwanza kututukana."

Nikamweleza habari ya Shamimu na mafuriko. Akasikiliza. Halafu nikamwambia habari ya kile kiungo chake kilichokaza ndani ya maji. Hapo ndipo macho yake yakawaka.

"Kimekaza? Hakijaachia?"

"Njoo ukakione."

Akaja. Na mfuko wa salfeti akaja nao.

Jumanne, 28 Aprili

Kikao, lakini sikuandika muhtasari. Nimewaomba radhi wote. Mzee Benedikto akasema, "Yameisha," na Hatim akasema hana neno, sista, ila alitamani kufukiwa pale Kibamba.

Nikawaambia safari hii hakuna kuuliza "unaweka nini". Kila mtu aseme anachokijua kuhusu mtu aliyekaa anasoma. Asitaje kitu chake. Ajuacho tu.

Wakanitazama kama nimepandwa na pepo. Petro ndiye aliyeanza, naye alianza kwa hasira. "Mie najua mbao zinahema. Masika zinatuna, kiangazi zinanywea. Msumari hauna subira, unaachia. Ulimi ukikaa vizuri kwenye tundu, mvua ndo inaukaza."

Hatim akasema uzito wa mtu haushuki wima, unasukuma pembeni, na kitu kilichosimama kwa umbo la pembetatu hakitikisiki hata kiwe chembamba.

Mimi nikasema nimechana makochi ya watu miaka ishirini na moja, na sponji zote huwa zinakufa mahali pamoja, pale mbele, chini ya mapaja. Ukingo wa mbele unambana mtu mapaja damu isipite, ndiyo maana anajisogeza-sogeza. Na mgongo hautaki kushikwa mabegani, unataka kushikwa chini kiunoni.

Mzee Benedikto alikuwa amefumba macho mpaka tukadhani kasinzia. "Nilipofundishwa kuchonga," akasema mwishoni, "niliambiwa usiongeze kitu. Mti una kila kitu. Kazi yako ni kuondoa."

Mpaka adhuhuri Petro alikuwa ameishika patasi tu mkononi.

Ijumaa, 1 Mei

Mei Mosi. Wafanyakazi wenzetu wanaandamana na fulana mpya. Sisi tumevunja meza ya kwanza. Tumeanza upya na mninga uliokauka, Hatim kaupata kwenye rafu ya nyuma kabisa ya yadi, umekaa humo miaka mitatu.

Jumatano, 6 Mei

Ugomvi. Hatim kasema miguu ilalie ndani, ifanye pembetatu. Petro kasema miguu iliyolala ni ya mbuzi mgonjwa. Tumeijaribu kwa vipande vya mabaki. Petro kapanda juu yake na kilo zake tisini, karukaruka. Haikutikisika. Akateremka akasema, "Hebu tuone."

Jumamosi, 9 Mei

Mvua kubwa. Petro kapunguza miguu kutoka inchi nne hadi mbili. Kila alipopiga randa alikuwa anaguna. Nilimwona ameokota maranda ya mbao akayatazama kabla hajayatupa. Nilimhurumia, kweli.

Jumatano, 13 Mei

Leo Hatim amefanya jambo ambalo sitalisahau. Vyuma vyake vyote viwili vya kushikilia vilikuwa tayari, amevisugua vinang'aa. Akavifunga, akatazama, akavifungua. Akafunga tena. Kisha akasema, "Braza Petro, pembetatu ishafanya kazi yangu. Chuma hapa kinaleta kutu bure." Akavibeba akavitupa kwenye chakavu.

"Sasa wewe umeweka nini?" Petro akamuuliza.

"Si hiyo miguu ilivyolala," akasema Hatim.

Angekuwa mwanangu ningempigia vigelegele palepale. Badala yake nimempa chai na chapati mbili.

Ijumaa, 15 Mei

Basi na mimi ikanibidi. Sponji nimeiondoa. Mzee Benedikto amekichimba kiti chenyewe kwa tezo, huku mimi nimekaa, nainuka, nakaa, nainuka, namwelekeza: hapa punguza, hapa acha, ukingo huu teremsha. Siku nzima nimekuwa kama mshona nguo anayejipima mwenyewe. Kiti kimetoka hakina uzi wala kitambaa. Miaka ishirini na moja ya ushonaji, na kazi yangu bora haina sindano hata moja ndani yake. Nilikaa juu yake nikataka kulia, sijui kwa furaha au kwa msiba.

Jumatano, 20 Mei

Zamu ya Mzee Benedikto. Amegoma. Kasema mchongaji asiyechonga ni mzee tu. Petro akataka kumpigia kelele, nikamfinya. Mzee akakaa mbele ya ubao ule mtupu, akalaza mkono wake juu yake kama anayesoma, akaugeuza, akaulaza tena. Saa nzima. Halafu akachukua patasi, akauondoa ukingo wote wa mbele pale mkono unapolalia, kidogo kidogo, mpaka ukawa laini kama ukingo wa kijiko cha upawa. Hakuna ua. Hakuna ndege. Ukipitisha kiganja hujui ubao umeishia wapi.

"Mmeniua," akasema, akacheka.

Jumamosi, 23 Mei

Msasa. Vumbi mpaka kwenye meno.

Jumatano, 27 Mei

Idi ya kuchinja. Petro na Mzee Benedikto wamekuja kwangu kula pilau, Hatim kaleta haluwa. Shamimu kaja na insha ya pili. Kaiweka mbele yangu ikiwa imekunjwa, kaenda jikoni. Nimeifungua. Mwalimu kaandika neno moja tu: "Naam." Na alama ya juu kuliko zote alizowahi kupata. Petro kaisoma yote kwa sauti mbele ya wageni, akafika kwenye mto unaoziba na kuwarudia wenyewe, akasema, "Huyu mtoto anajua mafuriko ya Jangwani kuliko serikali."

Alhamisi, 28 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani. Meza imekauka. Watu wawili wanaibeba bila kutoa jasho.

Jumamosi, 30 Mei

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Maktaba sasa ina madirisha. Meza tatu zilipangwa kwenye mwanga, ya Mbagala, ya Buguruni, na yetu mwisho. Bi Gulbahar alikuja na mkeka wa kuswalia, chupa ya chai na kitabu kinene. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema, "Leo sitazami. Nimekuja kukaa. Kila meza saa moja, nasoma. Nyie kaeni pale na msiongee."

Tulikaa kwenye benchi, mafundi kumi na mmoja wa vikundi vitatu, midomo imefungwa. Petro kukaa kimya saa tatu, naomba iandikwe.

Kwenye meza ya Mbagala alikaa dakika thelathini na tano. Akaanza kujikunja, akasimama, akashika kiuno, akaenda kutembea kibarazani. Wale wa Mbagala wakaangaliana. Kwenye ya Buguruni alifika dakika hamsini, lakini kila dakika tano alikuwa anahamisha mguu, na mwishoni alikuwa anasugua viwiko kwa viganja. Safari hii hawakucheka.

Akaja kwetu. Akaketi. Akafungua kitabu.

Nilikuwa namtazama miguuni, si usoni. Makochi yamenifundisha kwamba mtu humdanganya fundi kwa uso, miguu haijui kudanganya. Dakika kumi, miguu imetulia. Dakika ishirini. Nikasikia Petro kando yangu ameacha kuhema. Dakika arobaini, mkono wa kushoto wa Bi Gulbahar umelala kwenye ule ukingo wa Mzee Benedikto kama umesahauliwa pale. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Mara moja alicheka peke yake, kitu fulani kitabuni.

Saa ikatimia. Hakuinuka. Tukangoja. Dakika kumi zikaongezeka juu. Hatim akashindwa kuvumilia, akakohoa kidogo. "Mama, samahani. Saa imetimia."

Bi Gulbahar hakunyanyua hata macho. "Hatim, nyamaza. Nasoma."

Mzee Benedikto alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nami nikambana. Wale wa Mbagala ndio walioanza kucheka, kicheko cha watu wanaojua kwamba mchezo umekwisha na hawana kinyongo. Mmoja wao akampa Petro mkono kimyakimya.

Alipofunga kitabu ilikuwa imepita saa moja na dakika ishirini na tano. Akatutazama kama ametoka usingizini. "Haya. Nionyesheni. Cha nani kiko wapi?"

Petro akasimama, mwenyekiti. Akanyoosha kidole kwenye miguu. "Miguu hii, mama, ni ya..." Kidole kikabaki hewani. Kulala kwake ni kwa Hatim. Wembamba wake ni wa Mzee Benedikto, aliyesema kazi ni kuondoa. Ulimi na tundu ni vyake. Urefu wake nilisema mimi, siku ile nilipokaa kujipima. Akahamisha kidole kwenye kiti, akakirudisha. Nikaona jasho limemtoka. "Mama, mie sikudanganyi," akasema. "Sijui tena."

Bi Gulbahar akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye kamba yake. "Basi meza sitini ni zenu."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua Hatim alimbeba Mzee Benedikto juujuu, na mzee akawa anamwamuru amshushe kwa Kimakonde. Najua nililia, na sikuona haya.

Nilipotulia nikamfuata Bi Gulbahar. Nikamwambia ukweli, kwamba lile neno la kwenye barua nilikuwa silijui, nikawapotosha wenzangu.

Akatazama huku na huku kama anaogopa kusikiwa. "Mauwa, hata mie nilikuwa silijui," akanong'ona. "Mjukuu wangu Masuma ndiye alilisema mezani, nikalipenda lilivyokaa mdomoni. Nimelijua maana yake siku ile nilipokaa kwenye ile meza yenu mbovu. Nilijisemea, chochote linachomaanisha, si hiki."

Jumapili, 31 Mei

Nimelala hadi saa tatu. Petro kapiga simu mara nne kuuliza kama ni kweli au kaota.

Jumatatu, 1 Juni

Tumeanza meza ya kwanza kati ya sitini. Nilidhani nitafika wa kwanza bandani, nikamkuta Petro ameshafika, anamwonyesha Hatim namna ya kuchimba tundu bila kupasua mbao, na Hatim anamsahihisha pembe ya mguu. Wanabishana vilevile kama zamani, ila sasa kila mmoja anasubiri mwenzie amalize sentensi. Mwenye banda kapita, kauliza kama tunaendelea na pango la mwaka ujao. Petro akamjibu bila hata kunitazama, "Muulize Katibu, yeye ndo anajua mambo yote."

Nikamwambia tunaendelea.

Mafundi wawili wa Mbagala wamekuja kuomba kazi, maana sitini ni nyingi kwa mikono minane. Nimewaandika majina. Kabla hawajagusa kitu nimewakalisha chini kwanza, nikawauliza wanajua nini kuhusu mtu anayesoma. Mmoja kasema anajua kiwiko cha mtoto hakilingani na cha mtu mzima. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hilo. Mzee Benedikto akaacha kunoa patasi akamsikiliza.

Jioni nimerudi nyumbani, nimevua kanga ya kazi, nimesimama uani peke yangu. Mbingu ni safi, ya kwanza tangu Machi. Nikapiga vigelegele, virefu, kwa pumzi yote niliyonayo. Majirani wakatoka mbio, mmoja na mwiko mkononi, wanauliza nani kaolewa.

Nikawaambia hakuna aliyeolewa. Tumepata meza sitini.